Waling'oa Maua Yangu Nikingali Hai

Kama umeketi sasa hivi kwenye benchi la mbao nje ya maabara, umeshika kikopo chenye kifuniko na kukificha chini ya leso ili jirani yako asikione, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wenye mapafu mazima wasome wakipenda, sitawabembeleza. Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Hilo utaelezwa na wenye makoti meupe, na wasipokueleza, waulize mpaka wakuchoke. Mimi nitakueleza jambo ambalo sikuambiwa na mtu: kwamba dawa zitakuponya, na kwamba kabla hazijamaliza kazi yake huenda watu wako wakawa wamekwisha kukuzika mioyoni mwao. Mimi walinizika. Walianzia kwenye bustani yangu.

Naitwa Poni. Nilikulia Kitale, nchini Kenya, kwa sababu wazazi wangu walikimbia vita wakiwa wamenibeba, na ndiyo maana nikitaka kusema jambo la moyoni Kiswahili hunijia kwanza. Nilirudi Juba nikiwa mtu mzima, nikapata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea, nikaolewa na Lado, ambaye ni dereva wa ofisi moja mjini. Tunaishi mtaa wa New Site pamoja na mama yake. Mama mkwe wangu huzungumza Kiarabu cha Juba, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyapeleka Kiswahili kadiri nilivyoweza. Ukali wake umepungua kidogo njiani.

Huku kwetu uwanja wa mwanamke mwenye adabu ni ule uliofagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Jani likiota linang'olewa, maana majani huficha nyoka, na nyumba yenye vichaka husemwa. Mimi nikaleta vichaka. Ardhi yetu ni changarawe nyekundu inayogoma jembe, basi nikailainisha kidogo kidogo kwa samadi ya ng'ombe, maganda ya jikoni, majivu, na maji yote yaliyokwisha kuoshewa vyombo na nguo. Maji tunaletewa na lori la tangi, na mama mkwe kila aliponiona na beseni langu la maji machafu alitikisa kichwa.

"Haya maua yanaliwa?" aliniuliza siku moja.

"Hayaliwi, mama."

"Basi unayanywesha ya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba kiangazi kilipochoma kila kitu mpaka mbwa wakaacha kubweka, waridi la jangwani lilichanua kwenye matawi makavu yasiyo na jani hata moja, na nilipoliona nilisahau joto? Kwamba bogenvilia ilikuwa imefunika ua wa bati upande wa barabara, na wapita njia walisimama kuitazama kisha wakajifanya wanafunga viatu? Mvua ya kwanza ya Aprili ilipopiga, yalichomoza maua mekundu ya duara, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, yakitoka moja kwa moja ardhini bila jani. Yalikaa juma moja au zaidi kidogo, yakaenda zake mpaka mwaka ujao. Halafu ikaja kharif yenyewe, miezi ya mvua, na zinia za kila rangi, na nyuki, na vipepeo wa manjano waliokuja makundi kwa makundi kunywa kwenye tope la maji yangu ya beseni. Jioni alitoka kalunguyeye mmoja kutafuta wadudu, anakoroma kama mzee aliyevimbiwa. Mama mkwe alimwogopa akasema ni panya mwenye miiba na atatuletea balaa. Nilikuwa na furaha pale. Naisema wazi kwa sababu baadaye walinifanya nione haya kwa furaha hiyo.

Kikohozi kilianza mvua zilipokuwa zinaisha. Juba ukisema kichwa kinauma unatibiwa malaria, ukirudi kusema bado kinauma unatibiwa taifodi. Mimi nilitibiwa zote mbili, nikarudi nikatibiwa tena, na kila duka la dawa lilinipa mfuko wa vidonge na kunitakia heri. Krismasi ikapita. Nguo zikaanza kunivaa badala ya mimi kuzivaa. Nilifunga pete ya ndoa kwa uzi ili isidondoke, mifupa ya mabega ikatokeza, na kila asubuhi niliamka shuka limeloa jasho kana kwamba mtu amenimwagia ndoo. Shuleni mwalimu mkuu aliniambia, kwa upole mwingi, "Mwalimu, pumzika kidogo nyumbani." Juma lililofuata nilisikia darasa langu lina mwalimu mwingine.

Basi nikapumzika. Mchana nilitandika mkeka wangu chini ya bogenvilia kwa sababu ndani kulikuwa tanuri, na pale ndipo nilipomwona chozi. Unamjua, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua. Dume lilikuwa linametameta kijani, jike la rangi ya vumbi, na kazi yote alifanya jike. Alisuka kiota kwenye tawi lililoning'inia karibu na uso wangu, kifuko cha nyuzi na majani makavu na utando wa buibui, chenye tundu ubavuni. Mimi sikuweza hata kuinua kikombe kwa mkono mmoja, lakini niliweza kutazama, na nilitazama kutwa. Makinda yalipoanguliwa niliyasikia kabla sijayaona. Kila mama yao alipotua yalifungua midomo, na mimi huku chini nilikohoa mpaka nikaona nyota, nikifungua macho bado yupo, hakunijali kabisa. Ulikuwa unafuu mkubwa kuwa karibu na kiumbe asiyenihurumia wala kuniogopa.

Maana nyumbani tayari walikuwa wananiogopa. Kikombe changu kilitengwa kwenye dirisha la jiko, sahani yangu pia. Lado alihamia chumba cha mama yake, akasema ni kwa sababu kikohozi kinamnyima usingizi na asubuhi anaendesha gari. Mama mkwe alisema ni vumbi la maua yangu lililoniingia kifuani. Alilisema kila siku, kwa kila mgeni, mpaka wageni nao wakaanza kuitazama bogenvilia kwa jicho baya.

Aliyenitoa pale ni Mama Nakato, jirani yetu Mganda anayesuka wanawake nywele kwenye kibanda cha barabarani. Aliingia siku moja, akavuta kigoda mpaka kwenye mkeka wangu, karibu kabisa, akaniangalia shingo.

"Mama, hiyo kikohozi si ya malaria," akasema. "Mimi iko najua hiyo kitu. Mimi mwenyewe nilikula dawa yake kule Arua, mwaka ule nilizaa Nakato. Wewe iko na watu hapa ndani lakini wao naogopa. Kesho mimi nakuja na bodaboda, tunaenda."

"Na wateja wako?"

"Nywele haikufi. Wewe ndiyo unakufa."

Ndivyo nilivyofika kwenye benchi ambalo labda umelikalia wewe sasa. Nakumbuka jinsi watu walivyoachiana nafasi. Kila mgonjwa alikaa na pengo huku na pengo huku, na aliyekuja mwishoni alisimama juani kuliko kukaa kati ya watu wawili. Tulikuwa wote tunaumwa kitu kimoja na tulikimbiana. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri sana alikuwa amefungua simu, anajifanya amekuja kumngojea mtu. Kikopo chake kilimdondoka kutoka mkobani mbele yetu sote. Akakiokota, akatuangalia, nasi tukaangalia chini. Hadi leo najuta kwamba sikumwambia hata neno moja.

Walinilaza, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa upande mmoja wa kifua. Waliyatoa kwa sindano, rangi ya chai isiyo na maziwa, na usiku ule nilipumua mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Vidonge vya mwanzo ni vikubwa na ni vingi. Vinageuza mkojo rangi ya soda ya machungwa, hata machozi, na hakuna aliyenionya, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipiga kelele chooni nikidhani nimepasuka ndani. Sasa wewe umeonywa. Vitakuchafua tumbo na viungo vitakuuma. Kunywa uji kwanza, hata vijiko vichache, kisha meza vyote, na ukitapika mwambie muuguzi na usimfiche.

Lado alikuja mara nyingi, lazima niseme ukweli wake. Alileta maembe. Lakini alisimama nje ya dirisha la wodi na kitambaa mdomoni, akayapitisha maembe kati ya nondo moja moja, na macho yake hayakuwahi kupita miguu yangu. Miguu ilikuwa imebaki vijiti. Baba yake alirudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa na miguu kama ile, wakambeba ndani, na juma halikuisha. Watu wengi wa hapa wameona hivyo. Mgonjwa akitolewa wodini akitembea, amepona. Akitolewa amebebwa, hospitali imenawa mikono na anaenda kufia kwake. Ndivyo wanavyojua, na mara nyingi wamekuwa sahihi.

Mimi walinitoa nimebebwa. Muuguzi alimweleza Lado vizuri, nikisikia kwa masikio yangu, kwamba dawa zimeanza kushika, siambukizi tena, kitanda kinahitajiwa na mwingine, na nguvu zitarudi polepole nikiendelea na vidonge kwenye kituo cha karibu. Lado aliitikia kwa kichwa. Kisha akaiangalia miguu yangu, akaiamini miguu kuliko muuguzi. Alitoka nje akampigia mama yake simu kwamba kesho ananileta.

Ilikuwa Machi, joto limefika mwisho. Gari lilipoingia langoni nilidhani dereva, mume wangu, amekosea nyumba. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Uwanja wote ulikuwa mtupu, umesawazishwa na kufagiliwa, na alama za ufagio zilionekana kutoka ukutani hadi ukutani. Katikati walikuwa wamesimika miti ya hema, turubai limekunjwa chini yake. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimerundikwa kando ya mlango na masufuria makubwa ya kupikia umati yalikuwa jikoni. Wanawake wa ukoo wa Lado waliketi kwenye mikeka ukutani, na nilipofunguliwa mlango mmoja wao akaanza kulia kwa sauti. Mwenzake akamfinya paja akanyamaza.

Hakuna aliyekuwa amefariki. Walikuwa wameniandalia bika, matanga yangu mwenyewe, na mimi nikafika mapema.

Bogenvilia ilikuwa imekatwa mpaka shina na shina likachimbuliwa. Waridi la jangwani, ambalo lilikuwa na miaka mingi kuliko ndoa yangu, sikuliona hata alama. Kona ya nyuma kulikuwa na majivu, na kwenye majivu kijiti cha bogenvilia ambacho moto haukukimaliza. Nilitafuta kile kiota kwa macho nikiwa bado mikononi mwa Lado. Makinda hayakuwa yameruka nilipoondoka.

"Karibu nyumbani, ya binti, binti yangu," mama mkwe aliniambia, na akanishika uso kwa mikono yote miwili. Hakuwa amenigusa tangu Desemba. "Malesh, malesh, pole. Umefika kwako. Kalas, imekwisha."

Nilitaka kumtukana. Pumzi ya kutukana sikuwa nayo.

Juma lile walinipenda sana. Nataka uelewe hilo, maana ndilo lililonitia uchungu kuliko yote. Walinipikia supu ya samaki, walinipaka mafuta miguuni, walinisamehe makosa ambayo sikujua niliyafanya. Shangazi yake Lado alitoka mtaa wa Mangateen akakesha nami akiimba nyimbo za kanisa. Na mimi kila asubuhi nikameza vidonge vyangu, Mama Nakato akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji kama askari. Siku zikaenda. Nikaketi bila kushikwa. Nikaomba chumvi kwenye supu. Shangazi akatazama mkoba wake. Wageni wakaanza kuulizana nani atarudi kwanza, na nyuso zao, sisemi kwamba walisikitika, hapana, lakini walikuwa kama watu waliopanda gari likakataa kuondoka. Mwishoni walikwenda mmoja mmoja, na viti vikarudishwa kanisani. Siku niliyotembea peke yangu mpaka chooni nilirudi nikakuta hakuna aliyenitengea chakula.

"Umepata nguvu," mama mkwe alisema. "Pika."

Na uwanja sasa ulikuwa wazi, na watu walipouona ulivyo mpana wakaanza kuufikiria. Kaka zake Lado ndio walioanza. Vyumba vinne vya kupangisha vingeenea pale vizuri kabisa, wakasema, na wapangaji hawakosekani Juba. Lado akaja akakaa mlangoni mwa chumba changu. Alikuwa amekonda na yeye.

"Mshahara wako haupo, Poni. Wangu unakwenda wote. Vyumba vitatusaidia."

"Jengeni nyuma, karibu na choo."

"Nyuma kuna mwamba. Hapa mbele udongo ni laini."

"Udongo ni laini kwa sababu mimi niliulainisha."

"Najua," akasema, kwa sauti ya chini, na akaondoka. Laiti angekasirika. Ningekuwa na kitu cha kupigana nacho.

Hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu ya mwezi ule, na usidhani ilikuwa ya maua tu. Nilikuwa nimeona jinsi nyumba inavyoonekana mimi nikiwa sipo. Ilikuwa safi, imefagiliwa, wala haikukosa chochote. Kama wangejenga pale ningeishi maisha yangu yote kwenye nyumba ya marehemu Poni, nikivuta moshi wa majiko ya wapangaji. Nilitaka ardhi ile irudi kuwa yangu nikiwa hai, nayo ilikuwa inaniponyoka kwa maneno ya upole.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana mmoja kwa kishindo, kumbikumbi wakatoka, kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, wakashuka kutoka jalalani kuja kuwala. Baada ya siku chache nikaona ufa kwenye ardhi iliyoshindiliwa, kisha ncha nyekundu. Yale maua ya duara. Viazi vyake hukaa chini sana na majembe yao hayakufika. Yalichomoza sita, saba, katikati ya uwanja wao uliofagiliwa, mekundu kupita kiasi, na nyuki akaja siku ileile sijui kutoka wapi. Nililia machozi ya rangi ya machungwa. Mama mkwe alipita na ufagio, akayatazama, akafagia kuyazunguka.

Lori la matofali lilikuja yakiwa bado yamechanua. Lado hakuniambia siku, nadhani alitaka nilale. Dereva alikuwa Mkenya, akarudisha lori nyuma kupitia lango mpaka tairi zikawa hatua chache tu kutoka kwenye maua. Nilichukua mkeka wangu. Sikuwa na mpango wowote wa ushujaa, nilihitaji tu mahali pa kulala. Nikautandika katikati ya yale maua, nikalala chali.

"Mama, toka hapo nishukishe," dereva alipiga kelele. "Niko na trip ingine, bana."

"Shukisha."

"Nishukishe juu yako?"

"Wenyewe walishanizika. Shukisha tu."

Akazima injini, akateremka, akamwangalia Lado. "Boss, mimi hiyo sitafanya. Ongea na bibi yako."

Lado alikuja akachuchumaa, akaniomba niondoke, majirani wanaona. Nikafumba macho. Ndipo nikasikia kandambili za mama mkwe zikija mbio kutoka jikoni, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa na hofu.

"Ondoka hapo! Ya binti, ondoka hapo, mtu halali hapo!"

"Kwa nini, mama?"

Alisimama na mwiko mkononi. Nikaketi, nikamwangalia, kisha nikamwangalia Lado, naye akageuza uso kuelekea lori. Nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Ni hapo," mama mkwe akasema. "Nilipowaonyesha wanaume. Kila mahali pengine ni mwamba, wangechimba kutwa. Hapo udongo wako ni laini."

Kwa hiyo bustani haikung'olewa ili watu wapate nafasi ya viti peke yake. Walikuwa wamenichagulia kaburi kwenye tuta langu la zinia, nami kwa miaka yote ile, kwa samadi na maji ya vyombo, nilikuwa nimelichimba nusu.

Sijui nilifanya uso gani. Mama mkwe alikaa chini, pale pale kwenye udongo, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya mbele ya mgeni.

"Yeno wangu nilimwacha njiani," akasema. Yeno alikuwa binti yake, dada mkubwa wa Lado. Nilijua alifariki walipokuwa wanakimbia, na nilijua pia kwamba jina lake halitajwi nyumbani. "Nilimfunika majani, risasi zinalia, nikaenda. Sijui hata ni wapi. Nikasema huyu wa Lado hatapelekwa makaburi ya mbali yasiyotembelewa na mtu. Huyu atakaa hapa, nikitoka asubuhi namwona."

Nilimwelewa. Sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe, lakini nilimwelewa, na vitu hivi viwili vinakaa pamoja ndani ya mtu bila shida kubwa.

Lado ndiye aliyeingilia. "Mama, matofali yanangoja."

Mama mkwe aligeuka akamtazama kama mtoto aliyekojoa kanisani. "Utampangisha nani hapa? Mahali palipotajwa mtu kwa jina, mgeni atalala juu yake na mke wake? Unataka tufe wote?" Akamwelekezea dereva mwiko. "Peleka nyuma! Karibu na choo!"

"Nyuma ni mwamba, mama," Lado alisema.

"Basi vunja mwamba."

Hivyo ndivyo nilivyopata bustani yangu. Niliipata kwa sababu ni kaburi langu, na kaburi halijengewi vyumba. Mama Nakato nilipomsimulia alicheka mpaka akaangusha kitana. "Mama," akasema, "wewe iko mtu wa kwanza mimi naona anarithi kaburi yake." Akaniletea mbegu za zinia kutoka kwao, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kipandikizi cha bogenvilia alichokata kwenye ua wa mteja wake bila ruhusa.

Vidonge vikapungua idadi, kharif ikakolea. Nakuambia wewe wa kwenye benchi, mwili unarudi kwa njia za ajabu. Kwanza ilirudi njaa, njaa ya aibu, nikaiba ugali wa baridi jikoni. Kisha makalio. Kisha nikapanda ngazi za kanisa bila kusimama. Pumzi ya upande mmoja haijarudi yote, na daktari anasema haitarudi. Nikiinama kupalilia nahisi kama nimefungwa kamba ubavuni, kwa hiyo napalilia nimekaa. Lado alirudi chumbani kwetu bila kusema neno, siku moja tu nikakuta mto wake. Tunaishi. Tunazungumza kuhusu bei ya unga.

Zinia zilichanua Julai na vipepeo wa manjano wakaja. Kalunguyeye hakurudi, na sidhani atarudi. Chozi walikuja kunyonya, ila bogenvilia bado ni changa mno kubeba kiota.

Siku nilipopimwa mara ya mwisho na kuambiwa nimepona, nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabara kuu. Nilitaka waseme kitu. Lado alifurahi kweli, alinunua nyama. Tulikula wote kwenye sinia moja, mkono wangu na mikono yao, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Na aliponawa akasema, akimwangalia mama yake na si mimi:

"Sasa Poni amepona. Pale mbele si mahali pa mtu tena. Matofali yale yaliyobaki…"

Mama mkwe aliacha kutafuna. Akafikiri. Niliona anafikiri, naye ni mwanamke wa haki kwa namna yake. Kaburi la mtu aliyepona ni kiwanja tu. Alinigeukia, na nikaona kwamba ananiachia mimi niamue, na kwamba nikikaa kimya wataanza Jumatatu.

Ningeweza kusema napenda maua. Nilikuwa nimelisema miaka yote.

"Bado ni mahali pangu," nikasema. "Mlinichagulia, nami nimekubali. Siku yangu ikifika mtanizika pale pale, kwenye ule udongo laini. Msimpangishe mtu."

Hakuna aliyebishana. Lado alichukua sinia akaipeleka jikoni, kazi ambayo si yake. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, ameridhika, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Nina miaka thelathini na minne. Nimepona. Kaburi langu lina zinia, bogenvilia changa, na nyuki wengi kuliko nyumba yoyote ya mtaa wetu, na kila asubuhi kabla ya chai natoka na beseni kulimwagilia maji.